Nta ya Donya Puring

Nta ikimiminwa kwenye kalibu, saa mbili ni nyingi. Imepoa, imeganda, unagonga kidogo na mshumaa unatoka wenyewe. Aling Sosing alilijua hilo tangu ana miaka sita, siku mama yake alipomkabidhi utambi wa kwanza. Kwa hiyo Jumatano asubuhi, aliposhika mshumaa mmoja kati ya ile thelathini na sita iliyoning'inia kwenye ufito jikoni tangu Jumatatu, akaukuta una joto, alidhani jua la dirishani limeupiga. Akausogeza kivulini. Akashika wa pili, akashika wa tatu. Yote ilikuwa na joto, na halikuwa la jua wala la moto. Lilikuwa joto la kwapa.

Aliubonyeza mmoja kwa kidole gumba. Nta ikabonyea, halafu ikajirudi polepole mahali pake.

"Nta mbaya hii," alisema, ingawa alijua fika kwamba si mbaya. Ilikuwa nta safi ya nyuki, ile ambayo sisi watengenezaji wa nyumbani huinusa kanisani tu.

Ngoja niseme ilikotoka, maana hapo ndipo penye kosa, na mtu wa kwetu yeyote angeliona kosa hilo tangu barabarani.

Mtaa wetu wa nyuma ya kanisa, hapa mjini Guagua, unaishi kwa mishumaa iliyokwisha kuwashwa na wengine. Kila Novemba, baada ya Siku ya Wafu, tunaingia makaburini na visu butu na ndoo, tunakwangua nta iliyomwagikia makaburi, tunaitenga kwa rangi, tunaiyeyusha kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, tunaichuja kwa soksi kuukuu ili njiti na masizi vibaki, kisha tunaimimina upya. Wafu hawana neno. Aliye makaburini amekwisha kufika kwake, na nta yake ni makombo ya mtu aliyeshiba. Nta ya msibani ndiyo haiguswi. Ile iliyowaka kando ya jeneza huachwa mpaka sala za siku tisa ziishe, kwa sababu mwenyewe bado yuko njiani na hiyo ndiyo taa yake.

Halafu kuna jambo la pili. Ukitoka msibani huendi nyumbani moja kwa moja. Unapitia mahali penye watu, dukani, kwa kinyozi, popote, unakaa kidogo, ili mfu aliyekufuata ashangae mambo ya huko na abaki hukohuko. Hata wale wasomi wetu wanaojidai hawaamini, ukiwaangalia vizuri utawaona wamesimama kununua karanga.

Aling Sosing alivunja yote mawili kwa siku moja, tena kwa makusudi, kwa sababu marehemu alikuwa Donya Puring.

Donya Puring alidai ardhi yote ya mtaa wetu ni yake. Baba yake ndiye aliyempa baba wa Sosing kile kiwanja, kwa mdomo, mbele ya padri. Lakini padri alishakufa, wazee wote wawili walishakufa, na mdomo hauwekwi kwenye faili. Kwa miaka kumi na moja bibi yule hakuwa na safari ila ya kanisani na ya ofisi ya ardhi. Kila Ijumaa alipita mlangoni kwa Sosing, ananukia asumini na dawa ya kuchua viungo, pepeo lake la kukunja mkononi. Alilifungua kwa kishindo, trrap, akauliza swali lilelile: "Mnatoka lini?"

Na Sosing hakuacha hata Ijumaa moja kumjibu: "Tangulia wewe, Donya. Mimi nakuja."

Basi akatangulia. Kiharusi kilimkuta mezani, kijiko mkononi, upande mmoja wa mdomo ukaanguka, na jioni ile kengele ikalia.

Jumapili alasiri Sosing alikwenda msibani pamoja na Charing, mama wa ubatizo wa binti yake. Kwetu hata adui huendewa. Kwenye pembe nne za jeneza ilisimama mishumaa minene kama mkono wa mtu mzima, na mfanyakazi wa nyumba, msichana mgeni asiyejua kitu, alikuwa akiitoa ikiwa haijafika hata nusu na kuweka mipya, maana jamaa za marehemu walitaka wageni waone mirefu tu. Vipande alivitupa kwenye boksi. Sosing akaliomba, akapewa.

"Shoga, hiyo nta haijamaliza kazi yake," Charing alimnong'oneza getini.

"Itamalizia kwangu."

"Basi tupite kwa Isko tunywe kahawa. Dakika kumi tu, nakuomba."

"Nimkimbie mfu? Alipokuwa na miguu hakunitoa. Leo hana miguu ndiyo nizunguke mji mzima kwa ajili yake?"

Charing akaenda peke yake kwa Isko mwoka mikate, akala mikate miwili asiyoitamani. Sosing akanyoosha njia, boksi kwapani, akausukuma mlango wake kwa mguu, na pale kizingitini akageuka nyuma akicheka.

"Karibu ndani, Donya," alisema. "Njoo uone ulichokuwa unakililia."

Ningekuwepo ningemziba mdomo kwa mkono wangu.

Alhamisi saa sita mchana Jovelyn alirudi kutoka shule akaomba blanketi. Jovelyn ana miaka minane, ndiye mtoto pekee wa Sosing. Baba yake yuko kwenye meli za mizigo na humwona mara moja kwa mwaka. Siku hiyo palikuwa na joto la kuwafanya mbwa walale mtaroni, na mtoto alikuwa akitetemeka. Mama yake alimshika miguu. Ilikuwa baridi kama sakafu.

Muuguzi wa zahanati alimpima mara mbili, akakitikisa kipimajoto, akakitazama dhidi ya taa, akasema kimeharibika, mpe uji wa wali na tangawizi. Sosing akampikia. Mtoto alipokuwa akila, mama aliwasha mshumaa mmoja wa ile nta ili aone inavyowaka, kazi ni kazi. Mwali ukasimama wima, kisha ukainama kumwelekea Jovelyn, na dirisha lilikuwa limefungwa. Kijiko kikaanza kugonga meno ya mtoto. Harufu ikaingia, asumini kwanza, halafu dawa ya kuchua, na huko sebuleni, ambako hapakuwa na mtu, pakasikika trrap.

Sosing alizima mshumaa kwa vidole. Meno yakaacha kugonga.

Kisha akanyanyuka akashika mishumaa kwenye ufito, akarudi akamshika mtoto shingoni, akarudi tena kwenye mishumaa, ambayo sasa ilikuwa na joto kuliko jana. Joto lile alilijua. Ndilo lililolala ubavuni mwake kwa miaka minane.

Ijumaa asubuhi aliamua kuiyeyusha nta yote na kuimwaga mtaroni, yaishe. Alipanga mishumaa ndani ya sufuria, akawasha moto, na nta ikaanza kulegea na kutoa povu dogo ambalo nta haitoi, na kadiri ilivyolegea ndivyo midomo ya Jovelyn, aliyelala kwenye mkeka pale mlangoni, ilivyobadilika kuwa ya buluu, kisha ya kijivu, na pumzi yake ikawa inakuja moja, unasubiri, unasubiri, halafu nyingine, na Sosing akiwa amesimama na upawa mkononi, hajui aangalie sufuria au mtoto, akamwona Jovelyn akifumbua macho na kutabasamu kwa upande mmoja tu wa mdomo, ule mwingine umeanguka, na kwa sauti nzito, ya taratibu, ya mtu aliyezoea kusubiriwa, akauliza:

"Mnatoka lini?"

Upawa ulianguka. Sosing aliiondoa sufuria motoni kwa mikono mitupu, akaungua, makovu yako hadi leo. Kisha akapiga magoti mbele ya mkeka.

"Toka kwanza mwilini mwa mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Ndipo tuzungumze habari za nyumba."

"Sema unatoka, nami nitatoka."

"Sitoki."

Mtoto akafumba macho. Pumzi ikarudi, fupifupi, na nta ndani ya sufuria ikawa inaganda tena bila kupoa. Mishumaa ilikuwa haijafika kuyeyuka yote. Ilikuwa imepinda na kushikana, kama watu waliolala kitanda kimoja.

Charing ndiye aliyemleta mganga, Mang Dolfo. Msifikirie mzee wa ndevu. Mang Dolfo anaendesha bajaji kituo cha sokoni, na kati ya abiria na abiria huwatazamia watu maradhi yao kwa kudondosha nta kwenye beseni la maji. Aliegesha mlangoni, akavua kofia, akamtazama mtoto, na uso wake ukabadilika.

"Mimi kwa kawaida nashughulika na wale pepo wadogo wanaokaa kwenye kichuguu," alisema. "Mtu kakojoa pasipotakiwa, tunaomba radhi, yanaisha. Huyu sijui."

"Dondosha," alisema Sosing.

Aliwasha kipande kimoja kwa muda wa matone saba tu, maana mtoto alianza kutetemeka papo hapo. Matone yakaanguka majini, lakini hayakutawanyika yanavyotawanyika siku zote. Yalisogeleana, yakaungana, yakajenga umbo ambalo hata Charing aliliona kabla ya kuambiwa: mwanamke ameketi kitini, mgongo wima, pepeo limefunguliwa kifuani.

"Hajasimama hata kidogo," Mang Dolfo alinong'ona. "Huyu amekaa kama mwenye nyumba. Aling Sosing, ulipotoka msibani ulipitia wapi?"

"Sikupitia."

"Hata dukani?"

"Sikupitia popote, Mang Dolfo. Na pale mlangoni nilimkaribisha."

Mang Dolfo alilisogeza beseni kando. "Hata pipi hukusimama kununua," alisema taratibu. "Mama yangu."

Kisha alieleza. Taa ya Donya ilikatwa kabla ya kumfikisha, kwa hiyo alikuwa amejificha ndani ya nta, na kwa kuwa nta peke yake haina uhai, alikuwa akiota moto wa mtoto. Joto la Jovelyn lilikuwa humo ndani ya mishumaa. Ukiitupa nta, umemtupa mtoto. Ukiiyeyusha, umemyeyusha. Ilikuwa lazima bibi atoke kwanza kwa hiari yake, na njia ilikuwa moja: kufanya leo kilichopaswa kufanywa Jumapili, kumtoa nje ya nyumba na kumpitisha mahali patakapomvutia hata asahau kurudi.

"Na akikuambia useme unatoka," alimalizia, "usiseme. Si kwa ujanja, si kwa uongo, si ili kumtuliza. Ulimkaribisha kwa mdomo. Ukimwachia nyumba kwa mdomo huohuo, atakuwa na haki ya vyote vilivyomo, na mtoto yumo."

"Hata usingeniambia, nisingesema," Sosing alijibu.

Walimvika Jovelyn blanketi mbili, wakaweka mishumaa kwenye kikapu, wote watatu na mtoto wakaingia kwenye bajaji. Kwetu habari hutangulia magurudumu. Kwa Isko walimkuta mwenyewe mlangoni na sinia ya mikate mikononi ameishika kama ngao.

"Aling Sosing, nakuheshimu," alisema, "lakini hapa usikanyage. Nina wateja."

Kinyozi alivuta pazia. Mwenye duka la kona aliweka kibao cha kufunga na yeye mwenyewe akajificha nyuma ya mifuko ya mchele, tukimwona miguu. Ndiyo, nasema tukimwona. Mtaa mzima tulikuwa dirishani, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema njooni kwangu. Mimi pia sikusema. Nina watoto watatu.

"Tumpeleke uwanja wa majogoo," alipendekeza Mang Dolfo. "Kuna kelele, kuna watu, atachanganyikiwa."

"Alikuwa hapendi kuku. Atarudi kabla yetu."

"Sokoni?"

"Alikuwa anatuma watu."

"Sasa, dada yangu, alipenda nini huyu bibi?"

Sosing alimtazama mtoto aliyempakata. Kope za Jovelyn zilikuwa na umande.

"Alipenda kitu kimoja tu duniani," alisema. "Kunitoa mimi. Twende ofisi ya ardhi."

Ilikuwa yapata saa tisa na nusu alasiri, na ofisi hufungwa saa kumi na moja. Mang Dolfo alikata kupitia barabara ya daraja, na walipofika juu ya daraja kikapu kilichokuwa miguuni mwa Charing kikaanza kuwa kizito, sakafu ya bajaji ikalalamika, na joto likapanda kutoka humo mpaka Charing akainua miguu, huku mwili wa Jovelyn ukizidi kuwa baridi kiasi kwamba Sosing aliufungua mwenyewe ukosi wa gauni lake akamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama siku aliyozaliwa, na hapo hapo, sikio kwa mdomo, ile sauti ikaanza, haina hasira, ina subira, ikimwambia kwamba nyumba ni mbao na bati tu, kwamba kuna nyumba nyingine duniani lakini mtoto ni huyu mmoja, kwamba mama gani huyu anayebishana na kifo kwa ajili ya jiko lenye masizi, sema unatoka, neno moja tu, sema, nami nampa moto wake sasa hivi, sema, unaona anavyokwisha, sema.

Mang Dolfo alikuwa akisali kwa sauti na bajaji ikienda upogo. Charing alisema baadaye kwamba yeye angesema. Angesema mara mia.

Sosing alifungua mdomo. Charing aliuona ukifunguka.

"Miaka kumi na moja," alisema, machozi yakimtiririka, "na bado hujajifunza kuniuliza vizuri. Sitoki, Donya. Na huyu hatoki. Funga mdomo wa mwanangu, tunakaribia kufika."

Ofisini palikuwa na watu wengi, feni za ukutani na askari mmoja mlangoni aliyegawa namba. Sosing aliomba mbili.

"Mbili za nini, mama?"

"Moja yangu. Moja ya bibi mmoja, anakuja."

Alipewa themanini na themanini na moja. Dirisha lilikuwa linaita sabini na nne. Aliketi kwenye benchi na mtoto kifuani, kwenye kiti cha pembeni akaweka kikapu, na juu ya mishumaa akaweka ile namba themanini na moja. Walisubiri. Sabini na tano alikuwa mzee kiziwi, akachukua muda wake wote. Sabini na sita alikosa nakala. Jovelyn alipumua, wakasubiri, akapumua. Watu wawili waliokaa karibu walisimama wakahamia mbali, mmoja akisema kuna mtu amezidisha manukato.

Ilipoitwa sabini na tisa, Sosing alikiinamia kikapu na kusema kwa sauti ya kawaida, ya kuzungumza na jirani:

"Unajua nilichokuja kufanya hapa, Donya? Nimekuja kuandikisha kile kiwanja kwa jina langu. Mwenye kudai amekufa, hakuna wa kupinga. Mimi ni themanini, wewe themanini na moja. Nikifika dirishani kabla yako, limekwisha."

Kikapu kilitulia. Charing anasema hata feni za ukutani zilikuwa kama zimesita.

"Themanini," aliita karani.

Sosing alisimama. Alitembea polepole kuelekea dirishani, hatua kwa hatua, mtoto mikononi, mgongo wake wote ukijua kilichoko nyuma. Hatua ya tatu alisikia trrap. Ya nne, kitu kikapita kando yake kwa haraka ya mtu aliyeonewa kwenye foleni, kikamsukuma bega, asumini na dawa ya kuchua vikampita puani na kutangulia mbele, na kiti kilichokuwa mbele ya dirisha kikasogea chenyewe kwa kishindo. Karani, kijana wa watu, akiwa bado ameinamia karatasi zake, akasema kwa adabu:

"Ndiyo, bibi. Karibu. Shida yako?"

Na akaanza kuandika.

"Mama," alisema Jovelyn kifuani, kwa sauti yake ndogo ya siku zote, "nasikia joto. Nitoe blanketi."

Sosing hakungoja kuona zaidi. Alitoka, Charing akanyakua kikapu, ambacho sasa kilikuwa chepesi, na mishumaa humo ilikuwa migumu na baridi kama mishumaa ya mtu yeyote. Walirudi kwa njia nyingine. Nusu ya njia Jovelyn alikuwa anatoka jasho, analalamika njaa, anataka kujua kwa nini mikono ya mama ina malengelenge, na Sosing alimjibu kila swali mara mbili ili tu amsikie akiuliza tena.

Ile mishumaa hakuiuza. Jumapili alikwenda nayo makaburini, akaiwasha yote juu ya kaburi la Donya, akakaa hapo mpaka utambi wa mwisho ukazama. Nta ile iko pale hadi leo. Novemba imepita, tumekwangua makaburi yote ya mstari ule, hakuna aliyeigusa.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Lakini wiki ya tatu tarishi alileta barua ya ofisi ya ardhi, yenye muhuri, ya wito. Mlalamikaji: Donya Puring, kwa jina lake kamili na anwani ya nyumba yake iliyofungwa. Mlalamikiwa: Sosing. Shauri lilikuwa limefunguliwa ile Ijumaa, siku nane baada ya mwenyewe kufa. Charing alisoma, akaikunja.

"Usiende," alisema. "Ichome hiyo. Huyu mtu yuko huko, mwache huko."

"Nikiichoma atakosa wa kugombana naye," Sosing alisema. "Akikosa, atakuja kunitafuta. Na hapa kuna mtoto."

Akavaa gauni lake la kanisani, akaenda.

Shauri limeahirishwa mara nne. Hakuna pale ofisini anayejua nani alilifungua, wala anayethubutu kulifunga. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi Sosing anazima jiko, anamwachia Charing mtoto, anakwenda. Mwezi uliopita nilimsindikiza, kwa sababu bado naona haya ya siku ile ya dirishani. Walituweka chumba cha nyuma, meza ndefu, viti viwili vya kutazamana. Karani alitusomea majina mawili akiwa ameangalia sakafu, akatoka haraka. Harufu ilikuwepo. Kiti cha upande wa pili kilivutwa kidogo nyuma, kama mtu anavyojitengenezea nafasi ya magoti, na mimi nikashika ukingo wa meza.

Sosing aliweka mikono yake yenye makovu juu ya meza, akajiweka sawa kitini.

"Nipo, Donya," alisema. "Endelea ulipoishia."